Miss Dalton Alitaka Tubishane na Baba Zetu

Harufu ya wino wa mashine ya stensili, ile ya kuzungushwa kwa mkono, ilikuwa kali na tamu kidogo, na iling'ang'ania vidoleni hadi wakati wa chakula cha mchana. Nikiinusa hata leo, na siku hizi ni nadra, narudi moja kwa moja kwenye darasa letu la kidato cha tatu, katika shule ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wanakijiji, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Keumbu, huko Kisii. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kuta zilikuwa za mawe yasiyopigwa lipu, na mvua ya alasiri ilipoanza kuyapiga mabati, mwalimu aliweka chaki chini akangoja, maana hakuna aliyemsikia. Asubuhi hiyo kila mmoja wetu alipewa karatasi ambayo wino wake haujakauka, na juu yake paliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, kwamba haya ndiyo matarajio na malengo ya somo la fasihi ya Kimarekani. Tulitazamana. Fasihi tulidhani tunaijua: ulikariri muhtasari wa mwalimu, ukautapika kwenye mtihani, ukasahau. Lakini kwamba somo linaweza kuwa na matarajio kwako wewe, Kerubo, binti wa mkulima wa chai kutoka Itumbe, hilo lilikuwa jambo geni kabisa.

Aliyetugawia karatasi hizo alikuwa Miss Dalton, Mmarekani kijana aliyekuja kujitolea kufundisha. Alikuwa mrefu, mwenye madoadoa usoni, na alikuja shuleni kwa pikipiki iliyorusha matope hadi mgongoni mwake. Alikuwa na sanduku moja la vitabu vinene vya hadithi za kwao, nasi tulivisoma wawili wawili. Karatasi ile ilidai kwamba kila mtu aje darasani akiwa amesoma kwa macho yake mwenyewe, si kwa kusimuliwa na jirani. Ilidai aseme jambo angalau moja kila kipindi, hata kama ni la kipuuzi. Halafu, jamani, ilidai ajifunze kutokubaliana na mwalimu na kueleza kwa nini. Kufikia mwisho wa muhula, ilisema, kila mwanafunzi awe na wazo moja ambalo hakupewa na mtu. Nilikunja karatasi hiyo mara nne nikaificha ndani ya Biblia yangu, mahali ambapo hakuna mtu nyumbani angeishuku. Kwetu, mtoto aliyebishana na mwalimu alirudi nyumbani akiwa na alama za fimbo miguuni, na akifika nyumbani aliongezwa nyingine.

Basi tukafika kwenye hadithi moja ya msichana wa shambani huko Marekani. Babake alitaka kumuuza farasi, naye, wakiwa wamekaa mezani wakila, alimwambia waziwazi kwamba anakosea. Darasa zima liligutuka, na si kwa sababu ya farasi. Msichana mkubwa vile anakula meza moja na babake! Tena anamkazia macho! Ombati, mcheshi wetu, aliuliza kama msichana huyo aliishi hadi mwisho wa hadithi. Miss Dalton alicheka mpaka akashika meza, kisha akatupa kazi ya wiki mbili: kila mmoja amwambie mzazi wake, ana kwa ana, jambo moja ambalo hakubaliani naye, halafu aandike kurasa mbili kuhusu yaliyotokea. Hatukucheka tena.

Mimi nilikuwa na jambo, na ndilo lililonitesa. Baba alikuwa ameamua kwamba nikimaliza kidato cha nne niende kusomea uuguzi. Mchungaji alikuwa amemwahidi kunitafutia nafasi, na baba, mzee wa kanisa la Wasabato aliyeheshimika kutoka Itumbe hadi Birongo, alikuwa amekwisha kulitangaza mbele ya waumini. Watu walinipa mkono wakiniita sista. Mimi ambaye kuku akichinjwa nyumbani nilikimbilia shambani, nikarudi nyama ikiwa sufuriani! Nilitaka kuendelea na kidato cha tano, nisome vitabu, siku moja nisimame mbele ya darasa kama Miss Dalton. Ningemwambiaje baba? Kati ya baba na binti aliyekwisha kuwa mkubwa kuna mpaka, nasi Wagusii tunauita chinsoni, aibu na heshima kwa pamoja. Hukai karibu naye ukapiga soga. Humtazami machoni ukamwambia moyo wako unataka nini. Na yeye vilevile hakuulizi, si kwa ukali, bali kwa sababu na yeye anakuheshimu. Baba alinipenda, najua. Alinionyesha kwa kuniletea kalamu kila alipokwenda mjini Kisii, akaiacha juu ya meza bila kusema ni ya nani.

Ila kulikuwa na mtu mmoja pale nyumbani asiyefungwa na mpaka huo, naye ni bibi yangu, mamake baba, tuliyemwita Magokoro. Kwetu mjukuu na bibi wanataniana wanavyotaka. Aliniita mke mwenzake, akaniuliza mbele za watu kama nimekwisha kumtafutia bwana mwingine, maana yule wake alimfia zamani. Alipenda ugoro kupita kiasi, na kwa kuwa mwanawe mzee wa kanisa alipiga vita tumbaku ya kila aina, mimi ndiye niliyemletea ugoro kutoka Keumbu, umefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Jioni moja nilimkuta nyuma ya nyumba yake nikamweleza yote, kuhusu uuguzi, kidato cha tano, na kazi ya yule mwalimu Mzungu, nikamwomba anisemee kwa baba. Alivuta ugoro, akapiga chafya mara mbili, akaniuliza, "Sasa huyo Mzungu wenu hana bibi?" Nikamwambia sijui. "Basi ndiyo maana," akasema. Kesho yake baba alipokuja kumjulia hali, Magokoro alimfikishia maneno yangu yote bila kupunguza hata moja. Mimi nilikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, nikisikiliza. Baba hakujibu. Alisikiliza, akaaga, akashuka shambani kwenye chai yake. Siku zikapita, akawa kimya tu.

Niliandika hayo jinsi yalivyokuwa. Wenzangu hawakuwa wajinga kama mimi, walitunga. Ombati aligombana na babake kurasa nne nzima juu ya ng'ombe, wakarushiana maneno, wakapatana, wakakumbatiana huku machozi yakiwatoka. Akapata A. Babake Ombati alikuwa amefariki tukiwa darasa la pili. Mimi nilipata D, na chini yake, kwa wino mwekundu, Miss Dalton aliandika kwamba nimeikwepa kazi: nilitakiwa kuzungumza na mzazi, nikajificha nyuma ya bibi.

Nilihisi damu ikinipanda kichwani. Kudanganya ningeweza, nami sikudanganya. Kumtuma Magokoro kulinigharimu usingizi wa siku tatu, na maisha yangu yote yalikuwa bado yananing'inia kwenye kimya cha baba. Nikainua mkono. Nikasimama, nikasema, "Miss, sikubaliani na wewe." Nikamweleza, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba mimi sikujificha. Nikamwambia maneno yangu yamemfikia baba kupitia kwa mtu pekee anayeweza kumwambia bila yeye kulazimika kukasirika. Yule msichana wa farasi alisema mezani, na babake akajibu papo hapo kwa hasira kwa sababu hakupewa nafasi. Wangu amepewa. Miss Dalton alinitazama, uso umemwiva. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na amejibu nini?" Nikamwambia bado. Akaja kwenye dawati langu, akaikata ile D kwa mstari mmoja, akaandika kwamba kazi haijakamilika. "Akijibu, uniletee," akasema. Ombati akaniminya mkono chini ya dawati kwa furaha.

Jibu lilikuja wiki ya tatu, siku ya Jumapili. Mimi na Magokoro tulikuwa uani tukichambua mboga za chinsaga, baba akaja, akavuta kigoda, akakaa akiwa ametugeuzia ubavu, macho kwenye migomba. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Alizungumza na mamake kana kwamba mimi sipo.

"Mama, nimesikia kuna mtu hapa nyumbani hataki uuguzi."

"Nami nimesikia," akasema Magokoro.

"Mwambie mtu huyo kwamba mimi sikubaliani naye." Mboga zikanianguka mapajani. Baba akaendelea. "Mwambie pia kwamba baba yangu aliponitoa shule nikachunge ng'ombe, sikumwambia mtu. Hata wewe sikukuambia." Mikono ya Magokoro ikasimama. "Kwa hiyo mwambie, akiwa bado ana la kusema, alete tena." Akavaa kofia yake, akaondoka. Magokoro alijifuta macho kwa upande wa leso, kisha akanigeukia: "Umesikia, au nikutumie barua?"

Nikaleta tena. Tulibishana, mimi na baba, kwa mwaka mzima na zaidi, bila kuambiana neno. Mwambie, vitabu vya hadithi vitamlisha nani? Mwambie, Miss Dalton hajawahi kulala njaa. Mwambie, nitamwambia nini mchungaji? Mwambie, amwambie mchungaji kuna wasichana wengine wasioogopa damu. Magokoro alinisimulia kwamba kwa hilo la damu baba alicheka, na nilifurahi kuliko nilivyofurahia alama yoyote. Miss Dalton alipokea kurasa zangu zote, akazisoma kama anasoma gazeti la kwao. Mkataba wake ulipokwisha, alinipa mkono akaniambia kwamba mimi ndiye niliyetimiza matarajio yake yote, na hata mengine ambayo yeye mwenyewe hakujua kwamba aliyatarajia. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, ujumbe wa baba ulikuwa mfupi. Mwambie aende.

Magokoro alifariki nikiwa kidato cha tano. Siku ya mazishi, waombolezaji walipokwisha kutawanyika, nilikaa peke yangu nyuma ya nyumba yake. Nilimlilia sana, na bado ninamlilia. Baba alikuja akasimama mbali kidogo, umbali wake wa siku zote, akiangalia migomba. "Kerubo," akasema, na sikumbuki kama aliwahi kuniita hivyo tukiwa wawili tu. "Sasa ni nani atakayeniletea maneno yako?" Nikamjibu, "Nitayaleta mwenyewe, Baba." Aliitikia kwa kichwa. "Basi polepole," akasema. "Sijazoea."

Nimefundisha fasihi hadi nikastaafu, na kila mwanzo wa mwaka niligawa karatasi yangu ya matarajio na malengo, ikiwemo ile ya kumpinga mwalimu. Watoto wangu niliwalea kwa karatasi hiyohiyo, nami navuna nilichopanda. Krismasi iliyopita binti yangu aliniambia mezani, mbele ya wote, kati ya tonge na tonge, kwamba nilikosea kumlazimisha mdogo wake asomee uhasibu. Ah, nilimjibu vibaya! Alikuwa amesema kweli, ila nilihitaji siku tatu kuona hivyo, na kufikia hapo alikuwa amekwisha kurudi Nairobi. Siku ya nne nikampigia simu kumwambia nimesikia, na nimekubali. Alicheka. "Mama, hayo nilishayasahau zamani!" Nilikaa na simu mkononi, nikitamani kungekuwa na bibi mmoja mpenda ugoro hapa nyumbani, amwambie mtoto wangu kwamba mama yake hakulala siku tatu.