Mkono wa Kipemba kwenye Tawi la Mpichi

Siku Murshid alipomwona Bi Fathiya kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa anahangaika kupitisha tawi refu kwenye mlango mwembamba wa jiko lake la kuuza chakula, mtaa wa Sanyuanli, Guangzhou, nchini China. Tawi halikuwa na jani hata moja, na baridi ya miezi ile ilikuwa ya unyevu, ya kuingia mifupani. Murshid akadhani ni kuni.

"Umesimama kama mlingoti! Shika huko nyuma," akamwambia.

Akashika. Murshid alikuwa mtu mzima, mfungaji mizigo katika ofisi moja ya kusafirisha bidhaa kwenda Dar es Salaam, na kwa aibu aliyokuwa nayo alizoea kula peke yake ili asiulizwe habari. Siku hiyo alikaa mezani kwa Fathiya, akala wali na samaki wa nazi. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa pia.

Tawi lilikuwa la mwenye nyumba, Bi Chen. Watu wa Guangzhou hununua matawi ya mpichi kabla ya mwaka wao mpya, yakiwa bado matumba. Likichanua sikukuu yenyewe, ndiyo dalili kwamba baridi imekwisha na mwaka utakuwa wa neema. Bi Chen alikuwa anakwenda kijijini kumchukua mama yake, na nyumba yake ya juu ilikuwa baridi kama kaburi. Jiko la Fathiya lilikuwa na joto. Basi akamwachia tawi alitunze.

Aliacha na neno jingine. Wapangaji wa juu walikuwa wakilalamikia harufu ya kukaanga, na wateja wenyewe walikuwa wamepungua tangu baridi ianze. Bi Chen alisema waziwazi kwamba baada ya sikukuu ataamua kama chumba kile kiendelee kuwa jiko au Fathiya atafute pengine.

"Ataniacha nikae," Fathiya alisema, akimchotea Murshid mchuzi. "Mtu hakuachii ua lake kisha akakufukuza."

Jioni moja wateja walikuwa wameshaondoka. Fathiya aliegemea meza, karibu na mtungi wa tawi, akawa anamsimulia Murshid habari za Pemba. Alikulia kwenye mikarafuu. Alisimulia ngazi, makapu, na mama yake aliyewapigia kelele kutoka juu ya mti: karafuu ichumwe ingali tumba, ikishachanua ni hasara tupu. Matumba ya mpichi yalikuwa yameanza kuvimba, yana wekundu kidogo kwenye ncha. Na huku anasimulia, mkono wake ukaenda wenyewe. Kidole gumba kikavunja tumba, kikalidondosha kwenye bakuli. Kikavunja tena.

Murshid aliona. Akafikiri labda ndivyo linavyotunzwa. Yeye ni nani amfundishe mtu? Akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

"Una kifua? Nikuchemshie tangawizi?"

"Bi Fathiya," akasema, macho chini, "hilo tawi... unalichuma."

Mkono ukasimama. Fathiya akatazama bakuli, akatazama tawi. Upande mmoja ulikuwa umebaki vijiti vitupu. Akajibwaga kitini. Murshid akangoja kilio, lakini kilichokuja ni kicheko, kicheko cha mtu aliyejikamata mwenyewe akiiba.

"Na wewe unakohoa tu! Ningekuwa naungua moto je, ungekohoa?"

Kisha akainuka. Akalikata tawi kidogo shinani, akabadilisha maji akatia ya vuguvugu, akalisogeza karibu na jiko. "Yaliyobaki yanatosha," akasema. "Na Bi Chen nitamwambia mwenyewe. Sitauficha huo upande ukutani."

Mkesha wa mwaka mpya Bi Chen akarudi. Murshid alikuwa mezani, kijiko hakiendi mdomoni. Upande mmoja wa tawi ulikuwa umechanua wote, rangi ya waridi iliyokolea. Bi Chen akautazama, akatabasamu, kisha akanyoosha kidole kwenye upande mtupu.

Kichina cha Fathiya kilikuwa cha sokoni tu. Akaleta kopo la karafuu za pilau, akammiminia chache kiganjani. Akaonyesha karafuu, akaonyesha matumba yaliyokauka bakulini, akajichapa mkono wake mwenyewe kofi. Kwetu tunavuna hivi, akasema. Mkono ulisahau uko wapi.

Bi Chen akanusa kiganja. Akatazama bakuli. Akacheka mpaka akashika meza, akamwita mama yake aje aone. Kisha akasema polepole, ili aeleweke: "Mwakani utanitunzia tena. Lakini utavaa glavu."

"Mwakani!" Fathiya akamgeukia Murshid. "Umesikia? Amesema mwakani!"

Sikukuu zikaisha, masoko yakafunguliwa, na benchi la Fathiya likajaa watu wa Dar na Mombasa. Murshid alipomaliza kazi yake, kabla ya kurudi nyumbani Dar es Salaam moja kwa moja, alipita kuaga. Fathiya akamfungia chapati za njiani, akamsindikiza hadi kwenye mlango ule mwembamba.

"Nenda salama, kaka," akamwambia. "Na ukikutana na Wapemba huko Kariakoo, usiwaambie kwamba niliacha matumba yakachanua mbele ya macho yangu."