Majani ya Yaya

Pua yangu inaijua kalenda kuliko padri wa parokia yetu. Krismasi ikishapita na mvua zikipungua, kabla hata sijaliona vumbi la barabara ya Mangobo, inaanza kuniwasha ndani, macho yanatoka maji, chafya zinafuatana mpaka mbavu zinauma. Ni hivyo tangu utoto. Hapa Kisangani ukisema una malaria, utapata pole na uji. Ukisema unaumwa na vumbi na majani yanayochanua, watu wanakutazama kama mvivu aliyekosa sababu nyingine.

Na mimi kazi yangu ni samaki. Wewe unayenunua samaki unajua mwenyewe: mama akipiga chafya mbele ya beseni, unageuza uso, unakwenda kwa jirani yake. Hata mimi ningefanya hivyo.

Samaki wangu walitoka kwa papa mmoja wa Yanonge. Si baba yangu. Kwetu mzee yeyote ni papa. Alimletea mama yangu miaka yote, na mama alipofariki akaniletea mimi. Pale ufuoni mvuvi wa mbali hatafuti mnunuzi. Anafika asubuhi na baridi ya mto mwilini, na mama anayempokea na chakula cha moto ndiye anayechagua samaki wa kwanza. Ndiyo desturi, na hakuna anayebishana nayo. Mimi nilimpikia lituma, zile ndizi tunazopika na kuziponda, na pembeni pilipili ya kuchoma. Alikula amechuchumaa, kimya, kisha alinawa mikono mtoni na kusema, "Bon, mama, chagua." Kwa samaki hao watoto wangu walikula na kusoma. Nikimpoteza mzee yule, sina kazi.

Sasa yaya, ndivyo tunavyomwita dada aliyetutangulia. Ni binti wa dada mkubwa wa mama yangu, na kwetu huyo haitwi binamu, ni dada kabisa. Yeye ndiye aliyenisuka nywele siku ya komunyo yangu ya kwanza. Alikuwa akiuza samaki waliokwisha kupita mikononi mwa wengine, wale wanaobaki sisi tukishachagua, na hakuwahi kulalamika. Au alilalamika na mimi sikusikia.

Kiangazi cha mwaka jana pua ilinizidi. Makamasi yalishuka kooni nikaanza kukohoa, na kikohozi kwa muuza samaki ni balaa. Yaya akanipeleka dispensaire. Nikatema makohozi kwenye kikopo wapime kifua kikuu, tukaambiwa turudi. Tuliporudi, muuguzi akasema, "Hii si kifua, mama. Kifua yako iko safi. Ni alergie, ni ile vumbi na maua ya majani." Yaya alikuwa ameketi nami kwenye benchi, bega kwa bega, amenishikia mkoba. Alisikia kila neno. Alisema Mungu ni mkubwa.

Vidonge nilivyopewa vilinilaza kama mlevi, nikaunguza ndizi. Basi yaya akasema, "Acha hizo. Tutafanya ya kwetu." Na kwa kweli alijua. Alichemsha majani ya lumba-lumba, yale yenye harufu kali yanayoota nyuma ya jikoni, pamoja na mchaichai, akanifunika kichwa kwa kikwembe, kile kitenge cha kujifunga, juu ya sufuria, akakaa karibu ili nisijiunguze. Alinifundisha kuosha pua kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo. Nilidhani ninazama. Aliniambia nisianike nguo nje tena, nioge na kuosha nywele kabla ya kulala ili vumbi lisinifuate kitandani, nitundike kitambaa kibichi dirishani. Akaleta asali ya Banalia, ati nyuki wa huko wanakula maua yaleyale yanayonitesa, na mwili utayazoea. Asali hiyo sijui ilifanya nini, ila ilikuwa tamu.

Na la mwisho lilikuwa hili: "Asubui usitoke. Upepo ya asubui ndiyo inabeba ile unga ya maua. Ngoja vumbi ilale."

"Na papa wa Yanonge?"

"Papa atakula kwangu mpaka upone. Mi si dada yako?"

Nikampa sufuria yangu. Nikamweleza mzee anavyopenda lituma yake, ndizi zisipondwe zikawa uji, zibaki na vipande, pilipili isiguse sahani. Nilimfundisha kila kitu, mimi na mdomo wangu huu, na jioni aliponiletea samaki wangu pamoja na fungu jipya la majani, nilimwombea baraka. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kilikuwa kinanifunika kikwembe.

Nikapona. Chafya zilipungua, kikohozi kikaisha, nikaanza tena kusikia harufu za vitu, sabuni, mawese, kichwa cha mtoto. Asubuhi moja sikumwambia mtu. Nilijipaka mafuta, nikapika lituma, nikapanda nyuma ya toleka, ile baiskeli ya abiria, nikashuka ufuoni nikiwa na furaha ya bibi harusi.

Mtumbwi wa papa ulikuwa umefika. Yaya hakuwa ametokea bado. Nilimsalimu mzee, nikafungua kikapu, nikamnyooshea sahani. Akaiwekea kiganja juu, polepole, kama unavyofunika chakula nzi wasiingie.

"Mama, usikasirike," akasema. "Yaya yako alituambia. Kifua si ya kucheza nayo. Na mi niko na wajukuu ndani ya nyumba."

"Papa, si kifua. Ni pua. Walinipima, wakasema ni safi."

"Ndiyo, mama," akasema, kwa ile sauti tunayompa mgonjwa. "Ukunywe dawa yote. Usikatize."

Sikulia pale. Nilisimama na sahani mkononi mpaka yaya alipofika na sufuria yangu kichwani. Mzee alikula kwake. Ndizi zilikuwa na vipande.

Jioni yaya alikuja nyumbani kama kawaida, na majani yake. Nilimuuliza kama alikuwa kwenye lile benchi au nililiota. Hakukana.

"Ungerudi, angekuchukua weye," akasema. "Miaka yote mi ninaokota yenye munaacha. Alors ningefanya nini?"

"Ungeniomba. Tungegawana."

"Weye ungegawa?"

Nimelitafuna swali hilo hadi leo, na jibu langu ni ndiyo, ningegawa. Alikuwa damu yangu. Lakini hata kama nisingegawa, kuninyima samaki ni jambo moja, na kunizushia ugonjwa wa kukimbiwa ni jingine. Samaki huisha. Neno kama lile halitoki ufuoni. Nilimwonyesha mlango. Aliyaacha majani kwenye kiti.

Nimeuza ndizi, nimeuza makaa. Mwaka huu nimerudi kwenye samaki, ila sasa mimi ndiye ninayeokota wanaobaki, na wanaobaki ni wa yaya. Wiki iliyopita niliinama juu ya beseni lake, vumbi likapita, nikapiga chafya. Moja tu. Akina mama waliokuwa karibu wakarudi nyuma, mmoja akavuta mtoto wake. Yaya akainua uso na kusema kwa upole, ili wote wasikie, "Pole, mudogo wangu. Rudi nyumbani, upumuzike. Nitakuletea majani."

Na kwetu mtu akikupa pole mbele za watu, unajibu. Nikajibu asante.

Aliyaleta kweli, akayaweka kizingitini, akaondoka bila kubisha. Nilikuwa na nia ya kuyatupa. Pua ilikuwa imeziba, macho yamevimba. Nikayachemsha, nikajifunika kikwembe, safari hii peke yangu, nikavuta mvuke wake mpaka pua ikafunguka. Hapo ndipo nililia, kwa sababu yalinisaidia.