Chupa ya Musoke

Asubuhi ile, kabla hatujasikia mzinga hata mmoja, nilikuwa nimetoka Wandegeya kununua mihogo ya kuchoma ya kunywea chai wodini. Sukari ilikuwa imetoweka Kampala, nasi tulishajizoeza kusema chai bila sukari ni tamu. Ukungu ulikuwa haujaondoka bondeni. Kalooli, wale korongo wakubwa wenye vipara, walikuwa wakizunguka polepole kwenye nyasi za hospitali kama madaktari wazee, na mimi niliwapa shikamoo ya utani nikapita.

Sista Debora, mkuu wa wodi yetu ya wanaume, alinipokea kwa somo lile lile, maana alijua nina papara.

"Mwana wange, mgonjwa usimpe jina. Ukimwambia, wewe ni Okello? yeye atasema ndiyo, hata kama ni Kato. Muulize, aseme mwenyewe."

Kisha nesi mmoja asome chupa ya damu, mwingine asome plasta iliyobandikwa mkononi mwa mgonjwa, kwa sauti. Jina, namba, kundi la damu. Kimoja kikikosekana, chupa haitundikwi. Nilimwona mama huyu anapenda sheria kuliko watu.

Vita ilikuja kutoka upande wa Masaka. Mchana tulisikia mizinga kwa mbali, kama jirani anayesogeza makabati, na katikati ya mlio na mlio palikuwa na kimya kizito hata nikahisi tunatembea chini ya maji. Askari wa serikali walianza kukimbia. Watu walioteswa miaka mingi na askari wa kaskazini wakaanza kulipiza, na hasira haichagui. Mtu wa kaskazini, tena polisi, hakuwa na pa kujificha isipokuwa katika jina.

Baba yangu alikuwa mtu wa kaskazini na polisi.

Waliomleta kwa mkokoteni kutoka Nateete hawakumjua. Alikuwa amevua sare, risasi imempasua paja. Nilimuuliza mbele yao, kama nilivyofundishwa: "Unaitwa nani, mzee?"

"Musoke," akasema. Kisha, nilipoinama kumfunga bandeji: "Wewe usiite mimi baba hapa. Watu hawa watamaliza mimi."

Nikaandika Musoke kwenye plasta. Niliona aibu, na niliogopa sana.

Kwenye kitanda cha pili yake alilala Musoke mwingine, tumbo limechanika, amezimia; jina lake walilitaja waliomleta. Kwa siku zile jina hilo la Kiganda lilikuwa salama, na wengi waliliazima. Wote wawili walikuwa wametolewa damu ya kupima mara walipofika, na nesi aliyewatoa hakurudi tena kazini. Namba hazikuwapo, maana karani wa mapokezi alikuwa amekimbia. Alasiri mtu wa maabara akaleta chupa moja, akaiweka mezani, akafunga maabara, naye akaondoka mbio.

Juu yake palikuwa na neno Musoke na kundi la damu. Basi.

Baba hakujua kundi lake. Mimi pia sikulijua.

Nikaichukua chupa.

"Ya nani?" Sista Debora akauliza.

"Ya huyu."

"Nani amekuambia?"

"Sista, huyu ni baba yangu."

Akafumba macho. "Bambi, pole," akasema. "Kama si yake, utamuua na mkono yako mwenyewe. Kama ni baba, ndiyo usijaribu."

Nilimchukia. Nilisimama na chupa hadi ubaridi wake ukaisha viganjani mwangu. Mwanga wa dirisha ulipita ndani yake, ukatia doa jekundu kwenye shuka. Nilikuwa na sindano, nilikuwa na mpira, nilikuwa na mshipa wa baba mbele yangu.

Nikairudisha mezani.

Alikufa jua likiwa bado juu. Nilimshika mkono, nikamwita mzee, kama nilivyowaita wagonjwa wote. Kesho yake chupa ilikuwa imeharibika, tukaimwaga.

Bunduki ziliponyamaza, watu walirudi kazini mmoja mmoja. Musoke wa pili alipona. Kumbe yeye alikuwa Musoke kweli, fundi cherehani. Mtu wa maabara naye alirudi, amekonda. Nilimfuata, nikamuuliza ile chupa ilikuwa ya yupi. Hakufikiri hata kidogo.

"Ile? Ya mzee wa paja. Yule wa tumbo nilikuwa sijampatia."

Nimezeeka nikiwafundisha manesi wadogo sheria ile ile ya Sista Debora, na sijawahi kuilegeza hata kwa siku moja. Alikuwa na haki. Hilo halikunipunguzia kitu.

Siku ile mtu wa maabara akaniuliza, "Hakupona?"

"Hakupona."

"Kitalo, msiba mkubwa. Alikuwa na watu wake?"

"Alikuwa na binti," nikamwambia, nikarudi wodini.