Neno la Mbwa Wetu

Baada ya siku tatu za basi nimefika nyumba ya wageni inayonuka kreolini, dawa ya kusafishia sakafu, na harufu hiyo imenirudisha mtaani Ngagara, kwenye ua uliooshwa kwa dawa hiyohiyo, wa mama mmoja aliyetunza mbwa walioachwa na watu waliokimbia vita.

Asubuhi tulipohama Bujumbura moja kwa moja, nilimpelekea mbwa wetu. Kwa kuogopa sumu ya wezi, tulikuwa tumemfundisha asiguse chakula mpaka asikie neno letu la siri.

Mama akamwekea ndagala, dagaa wa ziwani. Mbwa akanitazama.

"Apana kula? Bwana mukubwa huyu!" akacheka. "Mutoto wangu, munamuambiaka nini?"

"Apana kitu, mama. Atakula tu."

Nilitaka abaki wangu. Lori letu likapiga honi. Langoni niligeuka: alikaa mbele ya sahani, mate yakimtoka, akingoja niseme.