Posa ya Elias na Farasi Wangu wa Kijerumani

Jamani, aibu hii haijanitoka mpaka leo, na mkicheka mimi mwenyewe nimeshajicheka zaidi yenu. Natafsiri Kijerumani kwenye ofisi moja karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, na mtu akijua lugha ambayo wenzake hawaijui huanza kujiona (ujinga mtupu).

Basi rafiki yangu Elias, Mtanzania mwenzangu, akaniomba niwe msemaji wake twende mtaa wa Evere, jijini humu humu, kumposa Furaha, binti wa Kikongo wa Bukavu, aliyemhangaikia mpaka akakonda. Shangazi yake Elias akanipigia simu kutoka Mwanza kunifundisha: keti, ngoja uruhusiwe, kisha sema tumeona ua katika nyumba hii. Nikamjibu, "Shangazi, hayo ya zamani, mimi nitasema yatakayonijia kichwani tu."

Sebule imejaa, wazee wako ndani ya suti, mimi huyo nikainuka kabla sijakaribishwa hata maji, nikaanza kuwaeleza wakwe (wakwe!) kwamba Wajerumani kuzungumza bila kujiandaa wanakuita Stegreif, na wengi wao huliandika vibaya, Stehgreif, wakidhani linatokana na kusimama, kumbe ni jina la kale la kikuku, kile cha kukanyagia ukipanda farasi, maana mjumbe wa zamani alitoa habari zake hukohuko juu, bila kushuka, akaenda zake. Nikamalizia kwa tabasamu la kipumbavu, "Nami leo nawaombeni binti yenu hivyo hivyo."

Elias akainamia zulia. Mjomba mkubwa wa Furaha, ambaye wote wanamwita Tonton, akaweka glasi chini.

"Bon. Donc weye unakuya kuomba mutoto yetu juu ya farasi? Alors, shuka! Toka inje, ushuke, kisha urudi na miguu kama bantu bengine."

Nilidhani utani, mpaka mlango ukafunguliwa. Nikatoka, ukafungwa nyuma yangu, nikabaki koridoni na tai yangu nikimsikia Elias, mtu anayeona haya hata kuagiza chipsi, akisema, "Wazazi wangu, nampenda Furaha. Nimekuja kuomba." Vigelegele vikalipuka. Hakuna aliyekumbuka kunifungulia.

Harusi ilipofika nilipangiwa kuelekeza magari, nje, kwenye mvua. Sikulalamika. Mdomo huu naapa hauendi tena posani, na hata siku ikiwa posa yangu mwenyewe, atasema mwingine.