Mtama wa Juu ya Meko

Mpaka leo nikisikia mtu wa maabara akisema kwetu Kalama hakuna mtama wa kuhifadhi, damu inanichemka. Halafu nakumbuka kwamba maneno hayo yalitokana na sampuli zangu mwenyewe.

Tulikuwa tukipima alama za DNA kwenye mtama wa Ukambani, tuone ni aina ngapi za zamani zimebaki mashambani. Aina ya kipekee ingewekwa kwenye hifadhi ya mbegu. Nikajigamba kwa mkubwa wangu kuwa mama ana mtama mwekundu aliopewa na nyanya yangu alipoolewa. Masuke yake ya mbegu huning'inia juu ya meko, moshi uyalinde na wadudu. Hayaliwi. Mwaka mmoja wa ukame tulilala njaa tukiyatazama. Sasa mvua ilikuwa imekosa misimu miwili, na masuke hayo ndiyo pekee yaliyobaki ya mbegu hiyo.

Mkubwa alinikataza kumpigia mama simu. Eti wakulima wakijua unakuja wanapanga mambo. Na mimi, mjinga, nikanyamaza. Tukamvamia watu watatu na gari la ofisi. Mama akatupokea kwa furaha, akatupa kopo la mtama mwekundu, kisha akaingia jikoni. Sikumfuata, nilikuwa nikijaza fomu za watu. Baadaye ukaja uji. Ulinukia moshi, nikadhani ni kuni. Mkubwa akausifu, akaomba aongezwe.

Tukaotesha mbegu zile, tukasaga majani machanga, mashine ikasoma. Sampuli zote za mama zililingana kabisa na mtama mwekundu wa dukani. Mkubwa akaandika ripoti yake, akaniambia huku akicheka kwamba nyanya yangu alikuwa mteja mzuri wa duka. Nilitoka nikabamiza mlango.

Jumamosi nikafika kwa mama nikifoka hata kabla ya salamu. Kwa nini alitupatia mbegu za dukani?

"Si hizo ndizo zilikuwa safi?" akasema. "Nipee wageni wako vitu viko na masizi, waseme mama yako ni mchafu?"

"Na za nyanya ziko wapi?"

Nikatazama juu ya meko. Kamba zilikuwa tupu.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, mlikuja bila kusema. Unga hakuna. Zile za dukani niliwekea dawa ya wadudu, hazikuliki. Ningewaacha waende na njaa, na mmoja ni mkubwa wako? Nikasaga hizo za juu ya meko. Ungenipigia simu tu, ningeenda posho mill ninunue unga."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilitaka kumtukana mkubwa, nikamtukana kimoyomoyo njia nzima hadi mjini, na bado hasira haikuisha, kwa sababu yeye hakujua alichokuwa akinywa. Mimi nililelewa chini ya masuke yale. Nilikunywa bakuli mbili, na ya pili nikaifuta kwa kidole.