Waya Mbili za Msumeno wa Bwera

Siku ile ya mwaka 2014 nilisimama upande wa msumeno ambao mimi peke yangu nilijua ndio salama. Bado ukanila vidole viwili.

Tulieni niwaambie.

Nilikuwa fundi wa mbao Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, kwenye karakana ya Mama Feresita. Miaka sita nakata mbao pale. Halafu akaja Stanislas kutoka Butembo, ng'ambo Kongo, na baada ya miezi minne kila mteja anauliza, "Yule Mukongo iko wapi?"

Na mimi nimesimama hapo hapo! Wivu ulinichoma, jamani, hadi chakula kikawa hakipiti.

Kisha Mama Feresita akasema anafungua karakana nyingine Kikorongo na anatafuta msimamizi. Akamtazama Stanislas.

Sasa sikieni. Meno ya msumeno wetu wa meza huzunguka yakija kwako, nawe unasukuma ubao ukutane nayo. Ukiupeleka njia moja na meno, yanaunyakua pamoja na mkono. Na mota yake, ukibadilisha nafasi za waya mbili kati ya tatu, inazunguka kinyume.

Jumamosi wenzangu walipoondoka, nikazibadilisha.

Jumatatu nilichelewa kwa makusudi, nikitaka nimkute Stanislas keshaumia. Kumbe Mama Feresita alikuwa amemtuma aende mjini Mpondwe kuleta misumari.

"Benon, kata hii mbao ya Mwalimu Syahuka. Yeye iko nangojea."

"Mama, tumngoje Stanislas."

"Kwani we hauwezi?"

Neno hilo lilinimaliza. Nikawasha.

Msumeno ukizunguka kasi huwezi kuona unaelekea wapi, lakini mimi si nilijua? Nikapita nyuma ya meza. Kutoka huko ubao ungetoa moshi tu bila kukatika, nami ningesema Stanislas aliunoa msumeno vibaya.

Ubao uliruka. Mkono ukaenda nao.

Stanislas, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi, akavua shati akanifunga. Kwenye bodaboda, tukikimbilia hospitali, akaninong'oneza, "Kaka Benon, asubuhi niliwasha nikaona vumbi inaenda upande mubaya. Nikarudisha waya. Nilijua ni weye. Sikusema kwa Mama, angekufukuza."

Nililia, na si kwa maumivu.

Kikorongo alipewa yeye. Mtu wa kwanza ambaye Stanislas aliomba aende naye ni mimi.

Wivu bado unanijia, sitawadanganya. Lakini wewe unayesoma, mwenzako akikuzidi kazi, mwombe akufundishe mapema, ungali na vidole vyote.